Kuizunguka Tanzania kwa Kuanzia Nyansurura

Tanzania ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na Nyansurura ipo karibu na ukingo wake wa kaskazini, huko Mara, ambako wilaya za Tarime na Serengeti zinakaribiana na Mto Mara unateremka kutoka Kenya kwenda Ziwa Victoria. Kwa anayeanzia hapo, Nairobi ni karibu kuliko Dodoma, na Mtwara ni mbali kuliko Kampala. Safari ndefu za wenyeji huwa za shughuli: mgonjwa anapelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kijana anakwenda chuo Dodoma, ndugu amefiwa Dar es Salaam. Abiria anapanda basi, analala, anaamka Dar es Salaam, na Shinyanga, Singida na Dodoma zote zimepita gizani. Safari ya kuiona nchi inapangwa kwa namna nyingine, na haihitaji utajiri. Inahitaji kujua saa, misimu, na mahali pa kukatisha safari.

Kilomita peke yake hazisemi mengi. Kilomita 20 za barabara ya vumbi baada ya mvua zinaweza kumchukua mtu muda ambao basi la lami lingemfikisha Bunda kutoka Musoma. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya msafiri wa Nyansurura ni ya kutoka nyumbani hadi kwenye lami, na hesabu hiyo inategemea mwezi. Mara hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya na Ruvuma zina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukilinganisha kalenda hizo mbili, miezi iliyo mikavu karibu nchi nzima ni Juni hadi Septemba. Ni wakati mzuri pia kwa mkulima, kwa kuwa mavuno mengi yamekwisha kuingia na kuna chochote mfukoni. Ubaya wake ni baridi ya nyanda za juu kusini. Njombe, Makete na Mbeya katika Juni na Julai huwa na baridi ambayo mtu wa Mara, hata aliyezoea ubaridi wa Tarime mjini, hajawahi kukutana nayo, na huko Makete hata umande huganda. Koti si anasa.

Masika yana hatari yake kusini mwa pwani. Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na magari yakakwama siku kadhaa. Anayetaka kuiona Kilwa au Mtwara asiende Aprili wala Mei kama ana siku chache. Desemba nayo ina tabu ya aina yake: barabara za kwenda Moshi na Arusha hujaa watu wanaorudi makwao kwa Krismasi, tiketi huadimika, na Januari msongamano huo huo hurudi kuelekea Dar es Salaam. Anayekwenda kutalii hana sababu ya kugombea siti na mtu anayekwenda kumwona mama yake.

Kutoka Nyansurura njia ni mbili. Moja inakwenda Tarime, kwa barabara inayotoka Mugumu na kuvuka Mto Mara upande wa Nyamongo, hadi kwenye lami kuu ya Sirari–Mwanza. Nyingine inakwenda Mugumu, na kutoka hapo ama magharibi kupitia Natta hadi Makutano na Musoma, ama mashariki kuingia Hifadhi ya Serengeti. Bodaboda ndiyo usafiri wa uhakika kwenye vipande vya mwanzo, na Probox na Hiace hufanya kazi iliyobaki. Probox hupakia hadi pasipo na nafasi ya pumzi. Mwenye safari ndefu mbele yake ni afadhali alipie siti mbili au asubiri gari linalofuata, maana kuanza safari ya siku mbili na mguu uliokufa ganzi ni kujitafutia mateso. Jambo la pili ni kwamba mabasi mengi ya masafa huondoka alfajiri. Kwa hiyo anayetoka kijijini hulala Tarime, Mugumu au Musoma usiku wa kuamkia safari, na gharama ya chumba hicho iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Njia ya kupitia hifadhini inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wakazi wengi wa wilaya ya Serengeti wameishi maisha yao yote kando ya mpaka wa hifadhi na hawajawahi kupita katikati yake. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 na ina kilomita za mraba 14,763. Watu hutoka Uingereza na Marekani, hulipa mamilioni, na kufika mahali ambapo mkazi wa Nyansurura angefika kwa siku moja. Gari linalokwenda Arusha kwa njia hii huingia Lango la Ikoma, hupita Seronera, hutokea Naabi, hupanda Ngorongoro, kisha hushuka Karatu, Mto wa Mbu na Makuyuni. Abiria hulipa ada mbili, moja ya hifadhi na nyingine ya Mamlaka ya Ngorongoro. Ada ya Mtanzania ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mgeni, lakini bila kitambulisho abiria hana namna ya kuthibitisha uraia wake getini. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoitwa kontrol namba, kwa hiyo pesa iwe tayari kwenye simu. Noti za mfukoni huweza kumchelewesha mtu huku gari zima likimsubiri.

Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na magari hayatembei usiku ndani ya hifadhi. Basi likiharibika saa 9 alasiri karibu na Seronera, abiria wanaweza kulala huko huko. Ndiyo maana anayesafiri na watoto hubeba maji, mikate na shuka hata kama ameambiwa atafika Arusha jioni. Hairuhusiwi kushuka ovyo wala kutupa taka dirishani, na dereva atakataa kusimama kila pundamilia akionekana, kwa sababu yuko kazini. Anayetaka kusimama na kutazama kwa nafasi akusanye wenzake, wakodi gari moja Mugumu kwa siku nzima na kugawana gharama. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vimezoea kuchangishana kwa harusi na misiba, na utaratibu ule ule unatosha kabisa kwa safari kama hii.

Nyumbu nao wana kalenda yao. Januari hadi Machi wako kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Mei na Juni hupita ukanda wa magharibi, karibu na Mto Grumeti. Kati ya Julai na Oktoba hufika kaskazini na kuvuka Mto Mara upande wa Kogatende na Lamai, kwenye mto ule ule unaoshuka baadaye kati ya vijiji vya Tarime na Serengeti. Anayepita hifadhini Aprili akitegemea kuona mto umejaa nyumbu atarudi analalamika bure. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro una urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi huwa na ukungu mzito. Lile koti la Makete lina kazi hapa pia.

Kuna onyo moja linalomhusu mtu wa maeneo haya kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Nyamapori, hata kipande kikavu kilichofungwa kama zawadi ya shangazi, pamoja na ngozi, mikia na pembe, visiingie kwenye begi kama hakuna kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haitazami udogo wa kipande. Vizuizi ni vingi kati ya Mugumu na Arusha, na kesi ya namna hiyo imevuruga maisha ya familia nyingi. Sime na rungu pia vibaki nyumbani. Hata anayeendelea kwa reli hawezi kuvipitisha, kwa kuwa stesheni za treni ya umeme ya SGR hukagua mizigo kwa mashine kama uwanja wa ndege.

Asiyetaka hifadhi, au aliyekosa gari, hufuata lami. Kutoka Mwanza hadi Arusha kwa kupitia Shinyanga, Nzega, Singida na Babati ni karibu kilomita 800, na ni barabara nzuri. Lakini Mwanza yenyewe isipitwe haraka. Kabla ya kufika, basi linapita Lamadi na Ndabaka, ambako hifadhi inashuka hadi karibu na ziwa, na si ajabu kuona wanyama kutoka dirishani. Kisesa, kando ya barabara hiyo hiyo, kuna makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Mjini, Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ndicho hifadhi ndogo kuliko zote nchini, chini ya kilomita za mraba 3, na mtu mwenye saa nne tu anaweza kupanda miamba yake na kurudi mjini kula sato. Mgeni akumbuke kwamba mabasi ya upande wa Mara hutumia stendi ya Nyamhongolo, na stendi ya barabara ya Shinyanga ni Nyegezi. Ziko pande mbili za jiji. Anayebadilisha basi ahesabu daladala au bajaji, na foleni.

Mwanza ndipo mlango wa magharibi ulipo. Tangu Juni 2025 Ghuba ya Mwanza huvukwa kwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila muda wa msafiri imekwisha. Kwa hiyo Geita, Chato na Bukoba sasa zinafikika kwa basi bila wasiwasi wa muda. Meli ya MV Victoria kwenda Bukoba bado ni safari nzuri kwa anayependa kulala juu ya maji. Kwenye chombo chochote cha majini, iwe ziwani au baharini, abiria ana haki na wajibu wa kukataa kupanda kikiwa kimejaa kupita kiasi. MV Bukoba ilizama Mei 1996 na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na waliopotea ni mamia. Hakuna shughuli inayostahili kupanda chombo kilichoinama kwa uzito.

Kigoma inamfaa mwenye subira. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika huko mwaka 1914, na tawi la Mwanza kutoka Tabora likaongezwa mwaka 1928. Kwa hiyo mtu wa Mara anaweza kwenda Kigoma kwa treni kutoka Mwanza kwa kubadilishia Tabora. Treni hiyo ya zamani ni ya taratibu na huchelewa. Asiende nayo aliyeahidi kuwa kazini Jumatatu. Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, iko kilomita chache kutoka Kigoma mjini. Kuhusu meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande, ikazamishwa vitani mwaka 1916 na kuibuliwa tena miaka ya 1920, inafaa kuulizia bandarini kama inatembea kabla ya kuiweka kwenye mpango, kwa kuwa imekuwa na vipindi virefu vya matengenezo. Hali ni hiyo hiyo kwa treni ya abiria ya TAZARA kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia.

Treni ya umeme ya SGR ndiyo iliyobadilisha hesabu kuliko kitu kingine. Ilianza Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo, na safari ya Dodoma–Dar es Salaam iliyokuwa ya kutwa kwa basi sasa ni ya saa tatu na nusu hadi nne. Kwa mtu wa Nyansurura, mpango mzuri ni huu: basi hadi Singida, alale, kesho yake Dodoma, alale, kisha treni hadi Dar es Salaam. Usiku wa basi unageuka kuwa siku tatu za mchana, na nchi inaonekana. Mawe makubwa ya Singida yanafanana na ya Mwanza, kisha ardhi inakauka na mibuyu inaanza, kisha mizabibu ya Dodoma. Stesheni ya SGR ya Dodoma haiko karibu na stendi kuu ya mabasi. Anayetaka kuunganisha siku hiyo hiyo aache angalau saa mbili kati ya basi na treni. Tiketi hukatwa mapema kwa simu au dirishani kwa kitambulisho, na mwisho wa wiki huisha haraka.

Tiketi za mtandao huandika muda kwa saa 24, na hapo wengi wameachwa. 06:00 ni saa 12 asubuhi. 18:00 ni saa 12 jioni. Hatari zaidi ni tiketi inayosema, kwa mfano, tarehe 15, 00:30. Hiyo ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani abiria anatakiwa awe stendi tarehe 14 baada ya chakula cha usiku. Anayekwenda tarehe 15 usiku atakuta basi lake limeondoka tangu usiku uliotangulia, na nauli hairudi. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023 baada ya marufuku ya miaka mingi, hivyo tiketi za namna hii zimekuwa nyingi. Kwa anayesafiri ili kuona, na kwa usalama wake pia, basi la mchana linabaki kuwa bora.

Ndani ya basi, siti za katikati hutikisika kidogo kuliko za nyuma. Basi husimama njiani kwa chakula dakika chache, na mara nyingine porini kwa ajili ya kuchimba dawa. Mwanamke anayesafiri peke yake anafanya vyema kubeba khanga kwa ajili hiyo. Mzigo ulio buti uandikwe jina na namba ya simu, na risiti yake itunzwe pamoja na tiketi hadi mwisho wa safari, kwa kuwa malalamiko yoyote ya nauli au mzigo uliopotea hufuatwa kwa karatasi hizo. Stendini, wapiga debe wasipewe begi wala pesa. Tiketi hukatwa ofisini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kikapu kinafaa.

Kuhusu malazi, kila mji una gesti karibu na stendi, na bei hupanda kadiri mtu anavyoikaribia stendi yenyewe. Mgeni aombe kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa, na atazame mambo matatu: kitasa cha ndani, chandarua, na maji. Mapokezini huletwa daftari la wageni lenye safu za jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Lijazwe kweli. Likitokea la kutokea, daftari hilo ndilo polisi na ndugu watakalolitafuta. Anayeandika Mara au Tarime atasikia anaitwa mura kabla hajapewa ufunguo, na huenda akaulizwa kwa utani kama amekuja kwa amani. Utani huo ni wa kawaida nchini kote, kama Wapare na Wachaga wanavyotaniana, na ajibu kwa utani pia.

Dar es Salaam humchosha mgeni kwa joto, hasa Desemba hadi Machi. Mabasi ya mikoani hufika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilicho mbali na katikati ya jiji. Kutoka hapo, usafiri wa mwendokasi hupatikana Kimara. Jiji linafaa kuwa mahali pa kupitia kwenda kwingine. Bagamoyo na magofu ya Kaole ni safari ya siku moja. Kilwa Masoko, kwa basi la kutwa, humfikisha mtu kwenye boti za Kilwa Kisiwani, baada ya kupata kibali. Barabara ya Iringa hupita kwa takriban kilomita 50 katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na abiria wa kawaida huona twiga na tembo bila kulipa ada. Kisha huja Mlima Kitonga, Iringa, Kalenga ya Mtwa Mkwawa, na nyanda za baridi hadi Mbeya na Kyela.

Zanzibar hufikiwa kwa boti ya saa mbili hivi, na kitambulisho hutazamwa bandarini. Bahari huchafuka zaidi wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Asiyewahi kupanda boti akae chini na upande wa nyuma, ale kidogo kabla, na asitazame simu. Mavazi ya heshima yanahitajika Mji Mkongwe mwaka mzima, na mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani ni kukosa adabu. Anayefunga safari mwezi huo apange kula jioni, Forodhani, wakati ambapo mji wote umetoka.

Pesa igawanywe: ya siku mfukoni, ya akiba kwenye simu, na kiasi kidogo cha noti kilichofichwa penginepo kwa siku ambayo mtandao haupo. Nauli ya kurudi itengwe kabla ya kuondoka nyumbani na isiguswe. Dawa za kudumu zibebwe kwenye begi la mkononi, zisiwekwe buti. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi, hasa kutoka pwani au Kigoma, ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama mtu anaamini ni uchovu wa basi, na anayempima aambiwe alikokuwa.